Merikebu Iliyozikwa Mara Mbili

Chini ya kuta za Ngome ya Yesu, Mombasa, katika mlango wa bandari ya kale ambamo majahazi ya Uarabuni na ya Bara Hindi yalikuwa yakiingia kila msimu wa kaskazi, imelala merikebu ya vita ya Kireno iliyozama mwezi wa Oktoba 1697, na wengi wa wanaopita juu yake kwa mashua, au wanaokwenda ukutani alasiri kupunga upepo, hawana habari nayo. Jina lake ni Santo António de Tanná. Ilizama vitani, ikakaa chini karibu miaka 280 kabla ya kufikiwa na watu wenye elimu ya kuichimbua, ikafukuliwa kwa misimu minne, na baada ya kupimwa na kuchorwa, kiunzi chake kikafukiwa tena kwa makusudi. Wengi wanaoisikia habari hii huona kwamba hilo la mwisho lilikuwa ni kushindwa, kana kwamba wataalamu walichoka au fedha ziliwaishia. Nami nataka kuonyesha kwamba katika yote yaliyofanywa hilo ndilo lililokuwa la busara zaidi, ingawa ni kweli kuwa fedha nazo zilikuwa na neno lake.

Mwandishi wa maneno haya ni mkazi wa Mtito Andei, mji wa wasafiri ulio karibu na nusu ya njia baina ya Nairobi na Mombasa, ambako bahari haionekani wala upepo wake haufiki, na mito yenyewe kwa miezi mingi ya mwaka ni mchanga mtupu. Si ajabu basi msomaji wa hapa, au wa Kibwezi, au wa ng'ambo ya mto Athi upande wa Kitui, akiuliza merikebu ya Wareno inatuhusu nini sisi watu wa nyika. Jawabu ni kwamba pwani peke yake haikuwa na utajiri wa kuwavuta wageni wote wale wavuke bahari: pembe za ndovu, zilizotangulia mbele ya bidhaa nyingi, zilitoka huku bara, na katika karne ya 19 wafanyabiashara wa Ukambani, aliyesifika zaidi miongoni mwao akiwa Kivui wa Kitui ambaye mmisionari Krapf alimwendea mwaka 1849, walikuwa wakizichukua kwa misafara mikubwa kuikata nyika hii hii hadi Rabai na Mombasa. Tena yako mafungamano mengine, ya maji, nami nitayataja mahali pake.

Ngome ya Yesu ilianza kujengwa mwaka 1593 kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, Mtaliani aliyekuwa mhandisi wa mfalme wa Hispania na Ureno katika nchi za Mashariki, na kwa muda wa karne moja, isipokuwa vipindi vichache vya maasi, ilikuwa ndiyo fundo la utawala wa Wareno katika pwani hii. Machi 1696 majeshi ya Imamu Seif bin Sultan wa Omani yakaihusuru, na husuru hiyo ikadumu miezi 33, hata Disemba 1698. Waliokuwamo ndani waliuawa zaidi na maradhi na njaa kuliko risasi. Kufikia katikati ya mwaka 1697 tauni ilikuwa imewamaliza Wareno, na kwa muda ngome hiyo ya mfalme wa Ureno ilishikwa na Bwana Daud wa Faza, Mswahili, pamoja na jamaa zake wachache na kundi dogo la Waafrika, wanaume kwa wanawake, waliosimama ukutani na bunduki mikononi. Habari hii haitajwi sana, pengine kwa sababu haimpendezi yeyote anayetaka kuifanya vita ile iwe ya Wareno upande mmoja na Waswahili wote upande wa pili.

Santo António ilikuwa mojawapo ya merikebu zilizotumwa kutoka Goa kuja kuiokoa Ngome. Iliundwa mnamo mwaka 1680 katika mji wa Baçaim, kaskazini ya Mumbai ya leo, kwa mbao za msaji, mti ambao mafundi wa vyombo wa Bahari ya Hindi wameupenda tangu kale kwa ugumu wake na kwa mafuta yaliyomo ndani yake; nayo ilichukua mizinga arubaini na kitu. Ilikuwa imekwisha kufika mara moja mwishoni mwa 1696, ikaenda zake Msumbiji, ikarudi Septemba 1697 na askari na vyakula. Mwezi uliofuata, ikiwa imetia nanga mbele ya Ngome, amari zake zikakatika, mkondo ukaichukua ukaipandisha mwambani, na ilipopatikana kuvutwa usukani ulikuwa umekwisha kung'oka. Na merikebu isiyo usukani, katika mlango mwembamba wenye mkondo mkali na adui akiwa ufuoni, ni mzigo kwa wenyewe. Ikaletwa chini ya Ngome, na hapo ikazama. Mwaka mmoja na miezi michache baadaye Ngome yenyewe ikaanguka.

Mahali ilipozama si uwanda, bali ni mteremko unaoshuka kutoka miguuni mwa Ngome kwenda katikati ya mlango, na umbo hilo la nchi ndilo lililoamua kipi kibaki na kipi kipotee. Merikebu ililala kwa ubavu. Ubavu wa chini ulididimia katika tope na mchanga kwa uzito wa mizinga, risasi na farumi, na wa juu ukabaki wazi. Na katika bahari ya joto kama yetu mbao iliyo wazi haina maisha marefu. Yuko mnyama, jamaa ya chaza ingawa umbo lake ni la mnyoo, anayeingia katika mbao angali mdogo kama punje ya mchanga, akakua humo humo huku akiitafuna, hata ukiitazama kwa nje ni nzima na ukiishika inavunjika mkononi. Wenye majahazi wanamjua vyema, na ni kwa ajili yake kwamba kila baada ya miezi kadhaa huvipandisha vyombo vyao ufuoni na kuvipaka deheni ya chokaa na mafuta. Kilichokuwa wazi katika Santo António aliila mnyama huyo na jamaa zake. Kilichofunikwa kilisalimika, kwa kuwa ndani ya tope hamna hewa, na pasipo hewa yeye hawezi kuishi, wala viini vya uozo havifanyi kazi yao ila kwa polepole sana.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 wapiga mbizi wawili waliokuwa wakikaa Mombasa, Conway Plough na Peter Philips, waliyaona mabaki hayo, nao wakampelekea habari James Kirkman, mtaalamu aliyefukua Gedi na ambaye wakati huo alikuwa na madaraka ya Ngome, iliyokuwa imefanywa jumba la makumbusho. Hata hivyo miaka kama kumi na mitano ilipita kabla ya kazi kuanza, na hilo halikuwa uvivu. Akiolojia ya chini ya maji yenyewe ilikuwa changa. Mmarekani George Bass, anayehesabiwa kuwa ndiye wa kwanza kuchimba merikebu iliyozama kwa kanuni zile zile za uchimbaji wa nchi kavu, yeye mwenyewe akishuka chini badala ya kukaa mashuani na kungojea wazamia wamletee vitu, alifanya hivyo katika rasi ya Gelidonya huko Uturuki mwaka 1960 tu. Ni taasisi aliyoiasisi yeye, makao yake yakiwa Texas, iliyokuja kushirikiana na Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Uongozi wa uchimbaji akapewa Robin Piercy, na mwangalizi wa Ngome wakati huo akiwa Hamo Sassoon. Wakafanya kazi tangu 1977 hadi 1980.

Inafaa kueleza jinsi kazi yenyewe inavyofanywa, kwa sababu picha tuliyo nayo akilini, ya mtu anayeshuka na kupanda na sanduku la dhahabu, ni picha ya sinema. Katika mlango wa bandari ya kale bwana mkubwa ni mkondo: maji yakijaa huingia kwa nguvu kwenda ndani ya hori, na yakipwa hutoka kwa nguvu ile ile, yakiwa yamebeba tope la mikokoni; kwa hiyo mpiga mbizi hupangiwa saa zake kwa kalenda ya mwezi kama mvuvi, bamvua ikimzuia na maji mafu yakimruhusu. Mahali penyewe ni kiasi cha mita kumi na tano kwenda chini. Kina hicho si kikubwa, lakini hewa inayovutwa huko hujaza naitrojeni katika damu, na mtu akizidisha muda wake, au akipanda kwa pupa, naitrojeni hiyo hutoka povu mwilini mwake na kumlemaza au kumuua. Kwa hiyo kila mmoja hushuka kwa saa iliyopimwa, akapanda, akapumzika, na kazi ambayo nchi kavu ingekwisha kwa wiki hula msimu mzima.

Kwanza huwekwa alama zisizoondoshwa, vyuma vilivyokitwa kuzunguka mabaki yote, ili kila kitu kipimwe kutoka kwazo kwa utepe, na juu ya mahali panapochimbwa hutandazwa kiunzi cha miraba kama wavu wenye matundu makubwa. Mchimbaji hulala tumbo juu ya mraba wake, miguu juu kichwa chini, asije akakanyaga anachokitafuta. Jembe halipo, wala sepeto. Karibu naye husimamishwa bomba pana ambalo sehemu yake ya chini hupulizwa hewa kutoka mashuani. Hewa hiyo ikikimbilia juu huacha mvuto nyuma yake, na mvuto hufyonza maji na tope. Asiyejua angedhani bomba ndilo lichimbalo. Kichimbacho ni kiganja cha mkono: mchimbaji hupunga maji kidogo kidogo juu ya mchanga, mchanga ukanyanyuka kama vumbi, bomba likauchukua, na kilicho chini kikaanza kuonekana; ukingo wa sahani, kipande cha kamba, kichwa cha msumari. Hakiokotwi. Hupewa namba, hupigwa picha, hupimwa kutoka alama mbili au tatu, huchorwa kwa penseli ya kawaida juu ya karatasi ya plastiki, kwani penseli huandika majini pasipo taabu, na baada ya hayo ndipo hunyanyuliwa, na kikiwa dhaifu hunyanyuliwa pamoja na tope lake.

Taabu yote hiyo ni kwa ajili ya kitu kimoja ambacho hakina bei sokoni, yaani mahali. Sahani ya kauri iliyotoka tezi, katika vyumba vya maofisa, inasema neno moja; sahani hiyo hiyo ikitoka katika ngama, imefungwa pamoja na wenziwe ishirini, inasema neno jingine, kwamba kulikuwa na mtu aliyefanya biashara yake mwenyewe katika chombo cha mfalme. Mwaka 1985 mwopoaji Michael Hatcher aliifikia Geldermalsen, merikebu ya kampuni ya biashara ya Kiholanzi iliyozama katika bahari ya China ya Kusini mwaka 1752, na mwaka uliofuata kauri zake zaidi ya 150,000 pamoja na dhahabu zikanadiwa Amsterdam kwa fedha nyingi mno. Wanunuzi waliridhika. Wanaakiolojia walipiga kelele, na haki ilikuwa yao, kwa kuwa merikebu yenyewe na mpango wa mizigo yake havikuandikwa inavyostahili, na jambo hilo likishapotea halinunuliki kwa fedha hizo wala kwa mara kumi yake.

Nisidhulumu: kuopoa kwa ajili ya matumizi ni desturi ya zamani, na si kila mwopoaji ni mwizi. Mizinga ya manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyoangamizwa katika delta ya Rufiji Julai 1915, iliopolewa na Wajerumani wenyewe ikatiwa magurudumu na kutumiwa katika vita vya barani, na mmojawapo ungalipo Mombasa, karibu na Ngome hiyo tunayoitaja. Lakini wale walikuwa wakiutaka mzinga, hawakudai kwamba wanaitaka tarikhi.

Kutoka katika Santo António vilipatikana vitu vingi ambavyo leo vimewekwa katika jumba la makumbusho ndani ya Ngome: kauri za Kichina, mitungi mikubwa ya Mashariki ya kuwekea maji na mafuta, vyombo vya udongo vya namna nyingi, risasi za mizinga, kapi na magurudumu yake, vipande vya mbao vilivyochongwa kwa nakshi. Mimi binafsi kapi hunipendeza kuliko kauri. Kauri ilifanywa ipendeze, nayo yapendeza popote. Kapi ilifanywa kwa kazi, imelika pale kamba ilipokuwa ikipita, na fundi yeyote wa jahazi wa leo akiishika ataijua kuwa ni ya ukoo wake.

Sasa nafika penye kiini cha maneno yangu. Kitu kilichokaa baharini karne tatu hakiwi salama kwa kutolewa baharini. Huko chini kilikuwa kimekwisha kufanya suluhu na maji, na siku kitolewapo suluhu hiyo huvunjika. Chombo cha udongo kimejaa chumvi katika matundu yake madogo. Kikiachwa kikauke, chumvi hugeuka fuwele, fuwele hupanuka, na uso wa chombo hubanduka kama rangi ya mlango uliokaa juani. Risasi ya chuma huweza kuonekana imara siku ya kwanza, na baada ya miezi michache ikapasuka matabaka matabaka na kuwa kapu la kutu. Nayo tiba yake ni kulazwa katika maji ya magadi na kupitishiwa umeme mdogo, si kwa siku moja wala mwezi mmoja, hata chumvi itoke. Mara nyingine chuma chenyewe kimekwisha kuyeyuka kitambo, na kilichobaki ni gamba gumu la chokaa na mchanga lililojifunga juu yake, tupu ndani. Hapo fundi hulipiga picha ya eksirei, akalitoboa tundu dogo, akamimina gundi ngumu ndani, na likivunjwa hutokea shoka au upanga ambao kwa hakika haupo tena.

Dawa ya kwanza ya karibu kila kitu, hata hivyo, ni maji baridi, yaani maji yasiyo chumvi, na mengi. Chombo hulazwa katika birika. Baada ya siku kadhaa maji humwagwa yakatiwa mapya. Na ili kujua kama chumvi imekwisha, mhifadhi huchota maji kidogo ya birika katika kijichupa, akadondosha tone la nitrati ya fedha. Yakigeuka meupe kama tui, chumvi ingalimo, na birika lajazwa upya. Yakibaki maangavu kama kioo, kazi imekaribia mwisho. Maabara ya kazi hizo iliwekwa humo humo Ngomeni. Na Mombasa, kisiwa kisichokuwa na mto, hunywa kwa sehemu maji ya chemchemi za Mzima, yanayoletwa kwa bomba la kilomita zaidi ya 200 kutoka mbuga ya Tsavo Magharibi, ambayo lango lake moja liko hapa kwetu. Maji ya Mzima nayo ni mvua inyeshayo juu ya vilima vya Chyulu, ambavyo mtu akisimama Mtito Andei siku isiyo na mawingu huviona kwa macho, ikachujwa katika mawe ya volkano na kutokea chini. Haya ndiyo mafungamano niliyoyaahidi. Mji ulioishi miaka hiyo kwa maji ya bomba hilo usingeweza kuosha kauri za Wareno pasipo mvua ya Chyulu kuwa na fungu lake.

Mbao ndiyo mgonjwa mgumu kuliko wote. Katika mbao iliyokaa majini karne nyingi, sehemu kubwa ya nyama yake imekwisha kuoshwa, na kinacholishikilia umbo lake ni maji yaliyojaa katika chembe zake. Yaache maji hayo yakauke, na chembe hujikunja, mbao ikapasuka, ikapindika na kupungua hata isitambulikane. Namna inayotumiwa na wengi ni kuyatoa maji polepole na kutia mahali pake nta iyeyukayo majini, iitwayo na wanakemia poliethilini glaikoli. Vitu vidogo hulowekwa. Merikebu nzima hailowekwi, hunyunyiziwa. Vasa ya Uswidi, iliyozama Stockholm mwaka 1628 katika safari yake ya kwanza na kuopolewa mwaka 1961 ikiwa karibu nzima, kwa kuwa mnyama yule atoboaye mbao haishi katika maji ya huko, ilinyunyiziwa dawa hiyo miaka 17; na ilipodhaniwa kuwa imepona, ikagunduliwa kwamba salfa iliyoingia katika mbao zake kutoka kwenye maji machafu ya bandari inageuka tindikali na kuzila kwa ndani. Mary Rose ya Uingereza ilitolewa baharini mwaka 1982, na mabomba ya kuinyunyizia hayakufungwa ila mwaka 2013. Hizo ni nchi tajiri, zenye hewa ya baridi, na kila moja ilijenga jumba zima kwa ajili ya merikebu moja.

Wakati wenye kazi Mombasa walipokuwa wamekwisha kukichora kiunzi cha Santo António, mkuku wake, mataruma yake na mbao za ubavu, iliwapasa kujibu kama watakitoa. Kukitoa kungetaka jumba, mitambo ya kupoza hewa na kukausha unyevu katika mji ambao hewa yake ni ya jasho mwaka mzima, tani nyingi za dawa, maji baridi katika kisiwa chenye kiu, na mishahara ya watu waangalifu kwa kizazi kizima. Na lau fedha zingekatika mwaka wa kumi, kisingerudi baharini kuwa kama kilivyokuwa, kingekufa mikononi mwao. Wakaamua kukifunika. Katika Ukambani uamuzi huo haungehitaji kufafanuliwa sana. Makueni na Kitui watu hujenga kuta za mawe kukata mito ya msimu, mchanga ukajaa nyuma yake, na maji yakajificha ndani ya mchanga huo mahali ambapo jua haliyafikii. Mgeni huona mto mkavu, mwenyeji hufukua shimo la dhiraa moja mwezi wa Septemba akachota. Aliyeyafukia hakuyatupa. Merikebu ile imewekwa kwa hesabu hiyo hiyo: tope lililoilinda tangu 1697 limeamriwa kuendelea, na mwenye elimu bora na mfuko mzito zaidi, akija siku moja, ataikuta.

Yaliyofanywa Mombasa mwaka 1980 kwa hesabu ya busara na ya fedha yamekuwa baadaye kanuni ya mataifa. Mkataba wa UNESCO wa mwaka 2001 juu ya urithi wa kale ulio chini ya maji, ulioanza kutumika mwaka 2009, unasema kwamba kukihifadhi kitu pale pale kilipo ndilo shauri la kwanza la kufikiriwa, na kwamba urithi huo usichimbwe kwa ajili ya biashara. Nakubaliana na mkataba, ila kwa sharti moja. Kufunika bila kulinda ni kujidanganya, na mtihani wa hayo sasa uko kaskazini ya Malindi.

Karibu na rasi ya Ngomeni, si mbali na ufuo na katika maji ya kiasi cha mita sita, yako mabaki ya merikebu nyingine ya Kireno, kongwe kuliko Santo António kwa zaidi ya karne moja. Makumbusho ya Taifa ya Kenya yaliyafikia mwaka 2013 kwa maelekezo ya wavuvi, na Caesar Bita, mkuu wa akiolojia ya chini ya maji katika makumbusho hayo, ameyachunguza pamoja na wataalamu wa kigeni, akiwamo Filipe Castro wa Ureno. Vimeonekana humo vinoo vya shaba na pembe za ndovu, na chini ya matumbawe yaliyojifunga juu yake zingalipo mbao za chombo. Wachunguzi hao walipochapisha kazi yao mwaka 2024 walitaja uwezekano kwamba ni São Jorge, iliyokuwa katika msafara wa tatu wa Vasco da Gama na kupotea mwaka 1524. Nao walisema uwezekano, hawakusema yakini, ingawa magazeti yalikuwa na haraka zaidi yao. Shaba na pembe pamoja si jambo la kubahatisha. Katika merikebu iliyofukuliwa Namibia mwaka 2008 na wachimbaji wa almasi, iaminiwayo kuwa Bom Jesus iliyopotea mwaka 1533, zilikutwa tani nyingi za vinoo vya shaba, na pembe za ndovu zaidi ya mia: shaba ya Ulaya ikija, pembe za Afrika zikienda, na bahari ikizikatisha zote njiani.

Maji ya mita sita hufikiwa na mtu yeyote mwenye miwani ya kuzamia na pumzi. Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Taifa ya mwaka 2006 humpasa atakayeokota kitu cha kale akitolee habari, na hukataza kukisafirisha nje bila ruhusa. Lakini sheria haikai mashuani usiku, na makumbusho yenye wapiga mbizi wachache mno, wanaotazamiwa kuiangalia pwani nzima tangu Vanga hata Kiunga, hayawezi kuweka zamu huko rasi ya Ngomeni. Wenye kuweka zamu ni wavuvi. Wao ndio walioonyesha mahali, wao hujua mashua ngeni inapotia nanga pasipo samaki, nao pia ndio wanaojua kipande cha shaba kina bei gani kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Kwa hiyo fedha ya kwanza, kabla ya ile ya kuchimba na kabla ya ile ya maabara, ingefaa iwe posho ya watu hao, ilipwe kila mwezi kama ilipwavyo ya mlinzi wa lango la mbuga hapa Mtito Andei, ambaye hakuna anayemwomba alinde ndovu kwa uzalendo mtupu.